Unauliza swali la Excel kwenye grupu na hakuna anayejibu? Mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wakuu habari za humu.

Kila wiki naona kitu kilekile. Mtu anaingia kwenye grupu la Excel, anaandika "Habari za humu ndani, naomba msaada Excel inanisumbua", anaweka picha ya skrini aliyopiga kwa simu, imepinda, mwanga wa dirisha umekaa katikati ya kioo, namba hazisomeki. Watu mia tano wanaona, wawili wanaweka emoji ya mikono, mmoja anauliza "inakusumbuaje?" na mwenye swali kashapotea bando limekata. Kesho yake analalamika kwamba grupu halina faida, watu wanabania ujuzi.

Hawabanii bana. Nimekaa kwenye haya magrupu miaka kadhaa, kwanza kama muulizaji wa hovyo kabisa halafu baadaye kama mmoja wa wanaojibu, na nakwambia anayejibu anaangalia kitu kimoja tu: je hili swali naweza kulijibu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya daladala? Kama ni mpaka akuulize maswali matano kwanza, anapita. Kwa hiyo kazi yote hapa chini ni kumrahisishia yule mtu.

Nimetumia Excel kwa sababu ndiyo iko kila ofisi, ila hatua zenyewe zinafanya kazi hata kama unatumia programu ya uhasibu, ya stoo au ya mishahara.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye faili lenye tatizo. Simu peke yake itakukwamisha.
- Toleo la Excel yako. Fungua File, halafu Account, halafu About Excel. Kuna mwaka au neno Microsoft 365, andika pembeni.
- Toleo la Windows, au kama ni Mac sema Mac.
- Faili jipya tupu la kutengenezea mfano (tutalifikia).
- WhatsApp au Telegram kwenye kompyuta, ili utume fomula kwa kunakili, usiichape upya kwa vidole.
- Dakika 40. Najua ni nyingi. Siku tatu za kusubiri jibu ambalo haliji ni nyingi zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua sehemu ya kuulizia

Sio kila mtandao unafaa kwa kila swali, na hapa wengi ndipo wanaanza vibaya.

WhatsApp. Ndiko waliko watu wetu, Kiswahili kinaeleweka, na mtu anajua unaposema "PAYE" (kodi inayokatwa kwenye mshahara) au "control number" (namba ya kulipia malipo ya serikali) unamaanisha nini. Shida yake ni kwamba grupu linabeba watu 1,024 tu, na swali lako likiwekwa saa nne, kufika saa sita limezikwa na salamu za Ijumaa na tangazo la mtu anauza kiwanja Kibaha. Kutafuta majibu ya zamani nako ni shida, kwa kawaida ukijiunga leo yaliyoongelewa mwaka jana huyaoni.

Telegram. Grupu linaweza kufika watu 200,000, mafaili makubwa yanapita, na kama admini ameruhusu, mgeni anaona meseji zote za nyuma na anaweza kuzitafuta. Kwa maswali ya Excel mimi naipenda zaidi kuliko WhatsApp, tatizo ni kwamba wahasibu wengi wa kwetu hawaifungui kila siku.

Facebook. Magrupu yapo mengi. Kabla hujajiunga angalia posti kumi za mwisho. Kama tisa ni matangazo ya "kozi ya Excel siku 3 kwa bei poa", toka.

Reddit, sehemu inayoitwa r/excel. Hii ndiyo yenye majibu ya haraka na ya uhakika kuliko zote nilizotumia, ila ni Kiingereza na wana sheria kali, kichwa cha swali lazima kitaje tatizo lenyewe, ukiandika tu unaomba msaada wanaliondoa. Usiogope lugha. Kiingereza cha kuombea maji kinatosha kama umeweka fomula na picha safi. Ukipata jibu unaandika "Solution Verified" na aliyekujibu anapewa pointi.

LinkedIn na YouTube. Hizi ni za kufuata watu zaidi ya kuulizia. Leila Gharani, mwalimu wa Excel, yuko kote kuwili, na Mike Girvin wa ExcelIsFun kule YouTube anaweka na mafaili ya mazoezi upakue bure. Ukiuliza kwenye komenti za video, taja dakika ya video unayoongelea.

Tatizo la sheria za kwetu (kodi, makato, fomati ya benki ya hapa) peleka WhatsApp au Telegram. Tatizo la fomula tupu peleka Reddit.

Umefanikiwa kama: umechagua sehemu moja, mbili mwisho. Kutupa swali lilelile kwenye magrupu saba kwa dakika moja watu wanagundua maana wengi wamo kote, na wanakuacha.

## Hatua ya 2: Weka jina na picha

Fupi hii. Jina la WhatsApp likiwa nukta au "Mungu ni mwema" na picha hakuna, unafanana na tapeli. Weka jina linalosomeka na kwenye maelezo sema unafanya nini, mfano "Mhasibu msaidizi, Morogoro". Jina la kampuni usiweke, utaona sababu hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Kaa kimya kwanza, na utafute

Ukiingia usiulize siku hiyohiyo. Siku mbili tatu soma tu, uone nani anajibu, wanajibu saa ngapi, sheria za admini ni zipi maana kuna magrupu yanakataza mafaili na mengine yana siku maalumu ya maswali.

Halafu tumia kitufe cha kutafuta. Watu hawatafuti kwa sababu hawajui waandike nini, wanaandika "Excel haifanyi kazi" na hawapati kitu. Andika jina la kosa lenyewe kama linavyoonekana kwenye seli: #N/A, #NAME?, #VALUE!, #REF!. Au andika jina la fomula. Ukiandika "VLOOKUP #N/A" (VLOOKUP ni fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali, #N/A ni kosa la "sijakiona") utakuta limeulizwa mara kumi na mbili.

Wa Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi na kwingine mnakotumia Excel ya Kifaransa, kumbukeni majina yanabadilika: VLOOKUP kwenu ni RECHERCHEV, SUMIFS ni SOMME.SI.ENS, na kati ya vipande vya fomula mnaweka nukta mkato badala ya mkato. Jibu la mtu wa Nairobi ukilibandika lilivyo litakataa. Litafsiri kwanza, na ukiuliza useme Excel yako ni ya Kifaransa.

Umefanikiwa kama: umepata jibu bila kuuliza, au umejua kwa uhakika swali lako halijaulizwa.

## Hatua ya 4: Tengeneza faili la mfano

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo wengi wanairuka.

Faili la kazini halitumwi kwenye grupu. Kabisa. Nasema hivi kwa sababu mimi nimelifanya hilo kosa. Kuna ofisi niliwahi kufanya kazi, nikatuma shiti ya stoo kwenye grupu la watu mia tatu na kitu, nikiwa na uhakika haina siri yoyote. Baada ya dakika kumi kaka mmoja akanifuata inboksi: "Mdogo wangu, kuna shiti umeificha humu, ina mishahara." Nilikuwa nimeificha, sikuifuta, na kuifichua ni kubonyeza mara mbili tu. Nikafuta meseji kwa wote lakini waliokuwa wameshapakua wameshapakua, na usiku ule sikulala.

Na sio aibu tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019, na Uganda pia ya 2019. Jina la mtu, namba yake ya simu na mshahara wake ni taarifa zake, sio zako kuzigawa ili upate fomula.

Sasa fanya hivi.

4a. Anza na faili jipya tupu. Usichukue faili la kazini ukaanza kufuta vitu. Ukifuta unaacha mabaki: shiti zilizofichwa, komenti, linki zinazoonyesha majina ya mafolda ya ofisi, jina la aliyetengeneza faili, na pivot table (jedwali la muhtasari) inabeba nakala ya data yote ndani yake hata kama shiti ya data umeifuta. Hiyo ya mwisho wengi hawaijui kabisa.

4b. Nakili mistari kumi tu, na safu zinazohusika tu. Kama tatizo lipo kwenye namba za risiti na kiasi, jina la mteja linatafuta nini hapo.

4c. Badilisha majina na kiasi. Majina weka Mteja 1, Mteja 2. Kiasi andika =RANDBETWEEN(50000,900000), buruta chini, halafu nakili na ubandike kama Values ili zisiendelee kubadilikabadilika.

4d. Hakikisha ugonjwa bado upo. Hapa tulia kidogo.

Ukichapa upya namba kwenye faili la mfano, mara nyingi tatizo linaondoka lenyewe, kwa sababu tatizo lilikuwa ndani ya ile namba ya zamani. Namba zilizoshushwa kutoka mfumo wa benki au mfumo wa malipo ya simu nyingi zinakuja kama maandishi, kwa macho ni namba ila Excel inaziona ni herufi. Ukiingia kwenye seli ya aina hiyo ukabonyeza Enter tu inaweza kugeuka namba hapohapo. Unatuma mfano, mtu anaufungua, fomula inafanya kazi vizuri, anakujibu "mbona kwangu iko sawa?" na mjadala umekufa.

Kwa hiyo safu yenye tatizo inakiliwe kama ilivyo, usiiguse. Ukishamaliza weka ile fomula inayokataa uone kama bado inakataa kwenye faili la mfano. Inakataa? Vizuri. Imekubali? Basi umepata fununu kubwa, rudi uangalie ulichobadilisha, jibu liko palepale. Kama nusu ya maswali yangu yameishia hapa bila kumuuliza mtu.

Na kama hiyo safu yenyewe ndiyo siri, mfano namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) au simu za wateja, usiitume hata kidogo. Elezea kwa maneno: "safu A ina namba za tarakimu 20, baadhi zina nafasi mwishoni". Kujua kama kuna nafasi zimejificha tumia =LEN(A2), ikikupa 21 wakati unahesabu 20, kuna mgeni humo ndani.

4e. Weka safu ya jibu unalotaka. Pembeni chapa kwa mkono matokeo unayotaka fomula ilete, mistari miwili mitatu, uipake rangi ya njano. Anayejibu akiona hiyo, hata maelezo yako yakiwa mabaya anaelewa.

Kama grupu halipendi mafaili, pandisha mfano kwenye Google Sheets, fungua ruhusa ya kuona kwa mwenye linki, na mwisho wa linki badilisha neno edit na kila kinacholifuata uandike copy. Kila anayefungua anapata nakala yake na hakuna wa kukuvurugia. Ila angalia akaunti ya Gmail unayotumia, isiwe ya ofisi.

Umefanikiwa kama: una faili dogo la mistari kumi, kosa bado linaonekana, na bosi wako akiliona hatashtuka.

## Hatua ya 5: Piga picha inayosomeka

Kamera ya simu weka mfukoni. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha Windows, Shift na S kwa pamoja, skrini inafifia, buruta kuzunguka sehemu unayotaka, basi, nenda WhatsApp ya kompyuta ubandike.

Picha iwe na herufi za safu juu, namba za mistari pembeni, na upau wa fomula ukiwa unaonyesha fomula yenyewe. Bila hizo herufi na namba mtu atakuandikiaje fomula, hajui data yako inaanzia A2 au F17.

Onyo: juu kabisa ya dirisha kuna jina la faili, "MISHAHARA MACHI MWISHO KABISA 2", na chini kuna programu zote ulizofungua. Kata.

Kama picha ni pana, itume kama dokumenti, maana ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana na namba ndogo zinakuwa ukungu.

## Hatua ya 6: Andika swali

Salamu na swali viwe kwenye meseji moja. "Habari wakuu" peke yake, halafu unasubiri watu waitikie ndio useme shida, hiyo ni adabu ya nyumbani na ni nzuri, ila kwenye grupu la watu mia tano inakupotezea nafasi. Salimia, halafu endelea palepale.

Mpangilio ninaotumia mimi ni huu, chukua ubadilishe:

> Wakuu habari. VLOOKUP inanipa #N/A kwa namba ambayo naiona kabisa ipo.
>
> Natumia Excel 2016, Windows 10.
>
> Shiti ya Mauzo, safu A ina namba za risiti, nimechapa mwenyewe. Shiti ya Benki, safu A ina namba hizohizo, zimeshushwa kutoka mfumo wa benki, na safu C ina kiasi.
>
> Ninachotaka: Mauzo safu D ilete kiasi kutoka Benki, nilinganishe malipo ya mwezi.
>
> Fomula: =VLOOKUP(A2,Benki!A:C,3,0)
>
> Mfano risiti 40217 ipo Mauzo A2 na Benki A9 lakini inaleta #N/A.
>
> Nimejaribu kubadilisha fomati ya safu zote kuwa Number, haijasaidia.
>
> Faili la mfano hili hapa, majina na kiasi ni vya kubuni.

Anayejua akisoma hapo kwenye "zimeshushwa kutoka mfumo wa benki" na "nimebadilisha fomati haijasaidia" tayari kashajua, upande mmoja ni namba na mwingine ni maandishi, na kubadilisha fomati hakugeuzi kilichokwishaingia kwenye seli. Anakutumia =VLOOKUP(A2&"",Benki!A:C,3,0) ambayo inageuza namba yako iwe maandishi kabla ya kutafuta, na anaendelea na safari yake. Faili hata hajalifungua.

Vitu vinne kwenye huo mpangilio usiviache:

Toleo. Ukiacha, mtu atakupa XLOOKUP au FILTER, fomula mpya nzuri sana ila Excel 2016 na 2019 hazinazo, utapata #NAME? na utarudi kulalamika.

Ninachotaka. Sema mwisho wa safari, sio kona uliyokwama. Kuna dada aliuliza namna ya kufuta herufi tatu za mwisho kwenye seli elfu nne, akapewa LEFT na LEN (fomula za kukata na kuhesabu herufi), akashukuru sana, baada ya saa moja akarudi: "mbona SUM inaleta sifuri?" Kumbe alikuwa anataka kujumlisha kiasi kilichoandikwa na TZS mwishoni, na LEFT inakuachia maandishi ambayo SUM haiyahesabu. Angesema tangu mwanzo "nataka kujumlisha" angepewa =SUBSTITUTE(A2,"TZS","")*1 na kumaliza.

Fomula kama maandishi. Inakiliwe na kubandikwa, sio iwe kwenye picha tu. Na ukichapa kwa simu angalia alama za kunukuu, simu nyingine zinaweka zile zilizopinda na Excel haizitaki.

Ulichojaribu. Hata kama ni kitu cha kijinga. Kinaokoa muda, na kinaonyesha hujaja kutafuniwa.

Neno "URGENT" kwa herufi kubwa liache. Bosi wako ndiye mwenye haraka, grupu halimjui.

Umefanikiwa kama: mtu asiyejua ofisi yenu anaweza kusoma meseji mara moja na kukueleza shida yako ni nini. Mjaribie mwenzako wa meza ya pili kabla hujatuma.

## Hatua ya 7: Tuma kwa wakati wake, na usubiri vizuri

Saa nne asubuhi baada ya chai watu wako kwenye kompyuta, wanaweza kufungua faili. Saa tatu usiku wako wengi zaidi lakini wameshika simu, kwa hiyo swali la usiku liwe linajibika bila kufungua faili.

Tarehe nazo zina maana yake. Tanzania PAYE mwisho wake tarehe 7 na VAT tarehe 20, Kenya PAYE ni tarehe 9 na VAT tarehe 20, na siku mbili kabla ya hizo wahasibu wote wa grupu wanazama na mambo yao. Uliza mapema au subiri zipite.

Ukishatuma, kaa karibu kwa saa moja. Mtu akikuuliza kitu mjibu hapo hapo, akienda hivyo harudi.

Kimya? Subiri mpaka kesho yake. Halafu usitume swali upya, ijibu meseji yako mwenyewe ukiongeza kitu kipya: "Nimegundua inatokea kwa namba zinazoanza na sifuri tu." Hiyo inainua swali na inampa mtu pa kushika. Siku ya tatu bado kimya, hamia mtandao mwingine wa hatua ya 1, na useme umeshauliza wapi. Kumtagi admini au kumfuata mjuzi inboksi bila kumuomba, hapana.

## Hatua ya 8: Pokea jibu bila kuumia

Jibu lijaribu kwenye nakala, kamwe sio kwenye faili halisi. Save As kwanza. Na angalia mistari mitatu kwa kikokotoo cha kawaida, fomula inaweza kuleta namba nzuri ambayo si sahihi.

Maonyo matatu, haya yasome hata kama umechoka.

Ukitumiwa faili linaloishia na .xlsm linaweza kuwa na makro ndani, yaani programu ndogo inayoweza kujiendesha yenyewe. Tangu 2022 Microsoft wanazuia makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni, unaona ule ukanda mwekundu. Mtu akikwambia "ondoa tu huo ukanda", muombe aweke hiyo code ya makro kama maandishi kwenye grupu wengine waisome.

Mtu akikufuata inboksi akasema uweke AnyDesk au TeamViewer (programu za kuendesha kompyuta yako kutoka mbali) "nikusaidie moja kwa moja", kataa. Kompyuta ya ofisi ina nenosiri la benki na mfumo wa kodi, unamkabidhi mtu ambaye hata sura humjui.

Na mtu akikuomba namba sita zilizoingia kwenye meseji "ili nikuunge kwenye grupu la wataalamu", huyo anaiba akaunti yako ya WhatsApp. Mpeleke kwa admini.

## Hatua ya 9: Rudisha mrejesho

Hatua ya dakika moja na watu hawaifanyi! Jibu meseji ya aliyekusaidia, andika kilichofanya kazi: "Asante kaka, A2&"" imekubali. Kuna namba nne zilikuwa na nafasi mwishoni upande wa Benki, nimezisafisha kwa TRIM (inaondoa nafasi za ziada) nazo zimekubali." Emoji peke yake haimsaidii atakayekuja kutafuta VLOOKUP #N/A mwezi ujao, na yule aliyejibu hajui kama alipatia. Ukirudi na swali la pili wiki ijayo, anakukumbuka.

Kama jibu halikufanya kazi pia sema, kwa adabu, na uweke kosa jipya lililotokea.

## Hatua ya 10: Anza kujibu

Usisubiri uwe bingwa. Ukishatatua hilo la namba na maandishi, wewe tayari unaweza kumsaidia mwenye shida hiyohiyo, na atakuja tu, nakuhakikishia kabla mwezi haujaisha. Jibu la kwanza liwe la kitu ulichojaribu mwenyewe. Kama unakisia, sema unakisia.

Mara moja kwa wiki mbili chukua tatizo moja ulilolitatua, litengenezee picha ya kabla na baada kwa data ya kubuni, uliweke LinkedIn kwa sentensi tano. Kiswahili kinaruhusiwa kule, watu wanadhani ni marufuku.

Utajua imekaa vizuri siku ambayo mtu atauliza kitu na mwingine aandike jina lako, "msubiri fulani, hiyo anaijua." Siku hiyo pia ndio inboksi itaanza kujaa, mafaili mazima ya kampuni za watu, saa tano usiku, "dada/kaka nimalizie hii ni fupi tu." Mimi nina jibu moja nimelihifadhi, nabandika tu: "Pole na kazi ndugu yangu. Hili faili nimelifuta bila kulifungua maana lina taarifa za watu. Tengeneza mfano wa mistari kumi, uweke kule kwenye grupu, nitakujibia pale kesho nikiamka."